Nilimpa Shemeji Lawama ya Majani Niliyoyaua Mimi

Msinitafutie udhuru, jamani. Mkosaji ni mimi, na bado najidharau.

Hapa kwetu, nje kidogo ya Kilwa, mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tulikuwa na ng'ombe wachache tuliowalisha chini ya minazi. Malisho yalikwisha kuchakaa, yamejaa vipara. Shemeji akaenda mabondeni kukusanya mbegu za majani mazuri, akazichanganya na samadi kavu. Mvua zilipokaribia, akazitupa juu ya nyasi zile zile za zamani, kisha akapitisha ng'ombe wazikanyage zizame udongoni. Basi! Hakutumia jembe wala senti.

Nilicheka mpaka machozi. Mtu mzima anapanda nyasi! Kibarazani nikambandika jina la Bwana Majani, na wajinga wenzangu wakalipokea.

Zikaota. Naam, ziliota! Shemeji alikuwa anakwenda msibani katika kijiji cha Sudi, akanisihi, "Shemeji, tafadhali, ng'ombe wasiingie mpaka majani yashike mizizi. Wafunge, uwakatie nyasi huko nje."

Kukata nyasi, mimi? Muungwana mzima nibebe mzigo wa nyasi kichwani, watu wananitazama? Tena nilitaka ashindwe, nisije nikachekwa mimi. Nikafungua zizi. Ng'ombe wakayang'oa na mizizi yake.

Aliporudi nikamwambia, "Mbegu zako zimegoma, Bwana Majani." Akaamini, masikini.

Kiangazi kikaja. Mtamba wa mke wangu, aliyeachiwa na marehemu baba yake, alikonda, akaanguka, asiinuke tena. Shemeji akawahi kumchinja asife kibudu. Kisu kingali mkononi, akanigeukia. "Nisamehe, shemeji. Nimewapotezea masika yote kwa upuuzi wangu."

Nami nikamsamehe! Ya Rabi, nilimjibu, "Yamekwisha," kama mtu mwema! Na mke wangu, mpaka leo kaka yake akibisha hodi, huingia jikoni. Shemeji naye hajagusa mbegu tena.

Enyi mnaomcheka mwenzenu kwa kujaribu jambo, jihadharini! Mtafika mahali mtake ashindwe, na mtamsaidia kushindwa. Mimi nilifika, na hakuna aliyenisukuma.

Shemeji hajui kusoma. Gazeti likija, mimi ndiye ninayemsomea. Na hili lenye maneno yangu haya nitamsomea, lakini kwanza nitamwita mke wangu atoke jikoni.