Kasyoka na Orodha ya Wauza Mahamri

Kasyoka hakuwa mvivu, asisingiziwe. Miezi mitatu mizima, katika ofisi moja ya ghorofani kule Ganjoni, alikuwa akiihamisha programu kutoka lugha ya kompyuta iitwayo Python kwenda nyingine iitwayo Go, mstari kwa mstari. Programu yenyewe ndiyo inayoamua, mtu akitafuta mahamri au fundi cherehani kwenye simu, nani atokee juu na nani chini. Bosi wake, Lewis, alikuwa keshasema: kufikia Ijumaa orodha mpya ilingane na ya zamani, la sivyo mkataba wa Kasyoka uishie hapo.

Alhamisi asubuhi, lo! Ukitafuta mahamri kwa programu ya zamani, muuzaji mmoja yuko wa kwanza. Ukitafuta kwa mpya, huyo huyo yuko wa saba. Kasyoka akazipiga hesabu upya alama ambazo programu humpa kila muuzaji. Alama zote sahihi! Mtoto wa watu akashika tama.

Aliyeiandika ile programu ya zamani ni Mejumaa wa Kibokoni, na Mejumaa alikuwa ndani ya arubaini, siku ya kumi na mbili tangu ajifungue. Nani humwendea mzazi na kompyuta kwapani? Haya zilimshika Kasyoka njia nzima. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, akapiga hodi.

“Karibu, mwenzangu! Ushapewa uji?” Mejumaa alikuwa ananyonyesha. Alipoelezwa, aliivuta kompyuta kwa mkono mmoja. “Waliofungana alama umewapangaje?”

“Sijawapanga, dada. Si wako sawa?”

“Ala! Wakiwa sawa ndio wavurugwe? Python huwaacha vile walivyojiandikisha, aliyetangulia mbele. Hiyo Go yako isipoambiwa huwachanganya. Basi iambie!”

Neno moja tu likabadilishwa. Miezi mitatu, jamani, na neno moja!

Ijumaa orodha zikalingana, toka juu hadi chini. Lewis akampa mkono, na mkataba wa miaka miwili. Kasyoka hakungoja hata chai ya pongezi. Alishika njia ya Kibokoni, shukrani zimemjaa kifuani, maneno mazuri ameyapanga.

Alipomwona Mejumaa, macho mekundu kwa kukosa usingizi, mtoto analia, maneno yote yakamruka.

“Dada, Mungu akulipe. Mimi siwezi.” Machozi yakamlengalenga, akanyoosha mikono. “Nipe mtoto. Wewe lala.”

Mejumaa akampa mtoto, akajifunika leso, akalala.