Watu wa Ndege

Kwa miaka mitatu niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba Buffalo, huku Marekani, kuna watu wa serikali wanaojificha msituni na darubini, wakiandika majina ya wageni wa kurudishwa kwao kwa ndege. Msinicheke. Habari hiyo niliipata Louisville, kwa mtu niliyemwamini kuliko redio: jamaa wa Bukavu, Kongo, tuliyefunga naye maboksi ghala moja, na ambaye aliwahi kuishi Buffalo. Siku nilipomwambia nafikiria kuhamia huko, aliliacha boksi lake likapita.

"Kule, yaya, ile ndege si ya kucheka," aliniambia; yaya kwao ni kaka. "Kuko batu banaingiaka mu pori na darubini na kaye ya kuandikia. Bon, ile banaandika, inaenda. Kufika Noeli hakubakie hata moja."

Hata moja! Nikauona mtaa mzima wa wakimbizi umebaki na mapazia tu. Na mimi ni mtu wa shule ya kambini, Tanzania, ambako mwalimu alituingizia ngeli kwa fimbo mpaka zikaota mizizi. Angesema "wale ndege," ningejua ni wa manyoya. Alisema "ile ndege," na ndege ile, kwa Kiswahili nilichochapiwa, ni ya kupanda na kufunga mkanda. Na wa kuandikwa na kupandishwa ni nani kama si sisi wageni?

Kabla ya Buffalo, mimi na mke wangu tulikaa Columbus mwaka mmoja. Huko nilimuuliza Mkenya mmoja wa kanisani kwetu, msomi wa shahada ya tatu aliyepanga chumba karibu na chuo kikuu, kama amewahi kusikia habari za watu wa ndege wenye darubini. Nilitumaini atacheka. Akaniambia, "Hao wako hata hapa campus. Na wako serious, saa kumi na moja asubuhi washafika." Kama msomi mzima anathibitisha, wewe mfunga maboksi utabisha nini?

Basi Buffalo nilihamia kwa sababu ya kazi ya kiwanda, lakini niliishi kama digidigi. Miaka miwili sikukanyaga hata bustani yenye miti mitatu. Fomu zangu za uraia zilikuwa mezani kwa mtu nisiyemjua, barua ya usaili haiji, na kila nikilala naona kalamu. Wangenirudisha wapi? Burundi niliiacha nikiwa mgongoni kwa mama. Kambi nayo si kwao mtu. Binti zangu wawili wamezaliwa huku Marekani, wangebaki na mama yao, wakinijibu Kiingereza kwenye simu.

Hofu hiyo haikunizuia kusoma. Baada ya kazi nilikwenda shule ya usiku, nikamaliza, na kofia ya mahafali niliivaa mpaka kwenye basi. Mwalimu wetu alikuwa mama mzee aliyezaliwa kwenye milima ya Ulaya akaletwa huku akiwa mtoto. Siku ya vyeti alinishika mkono, akaniambia kwamba Jumamosi, yeye na wenzake wanakwenda msitu wa milimani, kusini mwa jiji, kuangalia ndege. Angefurahi nikienda nao.

Alisema kwa Kiingereza. Kichwa changu kikatafsiri: watu wa ndege.

Mke wangu akasema mwalimu hakataliwi. Nami nikawaza kuwa nikikataa nitaandikwa kwa kukataa. Nikaenda.

Garini mama yule alinisimulia jinsi baba yake alivyokuwa akimpeleka alfajiri kwenye misonobari ya kwao, wakitembea bila kuongea ili wamsikie ndege mmoja tu. Alisema msitu huu unanukia kama ule. Nikaitikia, nikihesabu zamu zote za barabara ili nijue njia ya kukimbilia.

Walikuwa wazee watano. Kila mmoja ana darubini shingoni. Mwalimu wangu ana daftari. Waliongea kwa kunong'ona. Wazee gani hao wanaonong'ona msituni mchana kweupe? Ndege walikuwepo, sikatai, vitu vidogo vya kijivu vikirukaruka, na wazee wakaviandika. Lakini nilijua hiyo ni danganya toto. Kachero mzuri hana sura ya kachero. Ukungu ulikaa kati ya miti. Baridi ilinipenya soksi tatu. Kila daftari lilipofunguliwa nilijibanza nyuma ya mti, na mti wenyewe mwembamba kuliko mimi.

Ndipo nikageuka, nikakutana naye uso kwa uso.

Bundi. Kwenye msonobari, usawa wa kichwa changu, hatua nne. Hakuzidi ngumi, lakini macho yalikuwa kama taa za lori. Kwetu bundi akitua kwenye paa, watu huanza kuulizana nani anaumwa. Huyu hakulia. Aliniangalia tu, polepole, kama mtu anayelinganisha sura na picha. Nikasema "Yesu" kwa sauti niliyodhani ni ya ndani.

Wazee wote wakageuka. Hakuna aliyekimbia. Mmoja alianza kutokwa machozi. Kumbe bundi yule wamemtafuta siku nyingi, na mgeni wa siku ya kwanza ndiye kamwona. Mwalimu wangu alinipiga bega, akafungua daftari, akanong'ona kwamba aliyemwona kwanza lazima aandikwe. Akaniomba nimtajie herufi za jina langu.

Nilizitaja moja moja. Ningefanyaje? Mkono wake ukaandika jina langu lote, na tarehe, na mahali, kando ya bundi.

Nilifika nyumbani saa nane mchana nikashusha sanduku kabatini. Nikakunja mashati mawili, nikakaa kitandani. Mke wangu alisimama mlangoni. Nilimweleza yote. Hakucheka, nami hilo lilinitisha zaidi. Akanipa simu.

"Mpigie huyo wa Louisville," akasema. "Muulize walioandikwa hupewa siku ngapi."

Nikapiga. Nikamwambia jamaa yangu kwamba yametimia, nimeandikwa, tena pamoja na bundi. Aniambie wanakuja lini.

"Yaya," akasema, "ile ndege nilikuambia ni ya manyoya. Banaiandika juu ya vile inapita kule ikikimbia baridi. Ni yenyewe ndiyo inaenda. Batu banabakia."