Alichoandika Meneja Katika Kitabu Changu

Kila Jumamosi, kabla hatujafunga ghala, meneja alitupanga uani akasoma makosa ya wiki. Alisoma kwa Kifaransa, karani wake Mngazija akatafsiri kwa Kimalagasi, na hivyo mimi nilitukanwa mara mbili. "Mzembe. Ana akili ila hataki kuitumia." Wenzangu walitazama miguu yao. Mimi nilimtazama yeye, na hasira ile ninayo mpaka leo, wala simwombi mtu radhi kwa kuwa nayo.

Maneno haya nayasema tu. Anayeandika ni binti yangu. Mimi herufi hazijawahi kunitulia. Nikiikazia macho moja, ya pili yake inahama, nikirudi kwa ile ya kwanza nakuta nayo imegeuka. Utotoni kwetu kisiwani Nosy Be, chuoni, nilihifadhi Kurani kwa sikio, mwalimu akadhani nasoma, akanisifu mbele ya watu. Shule ya Wafaransa haikuwa na mambo ya sikio. Huko nilichapwa rula vidoleni mpaka nikaacha kwenda.

Nilichokijua nilifundishwa na mama. Alikuwa akichambua vanila kwenye banda la kukaushia. Wakulima walilitoboa kila ganda likiwa bichi kwa pini, kila shamba na mpangilio wake wa vitone, mwizi asije akauza jasho la mwenzake. Mama alipitisha kidole juu ya ganda lililokwisha kukauka akakwambia limetoka kwa nani. Kisha akafunga vifurushi kwa uzi wa rafia, ule unaochunwa kwenye majani ya mwale, na kila mchambuzi alikuwa na fundo lake la kutambulikana. Hapo ndipo niliposoma shule yangu, na sikuchapwa hata siku moja.

Nilipohamia mji wa bandari wa Mahajanga nilianza kwa kubeba mizigo katika ghala la meneja yule. Nilipandishwa kuwa mtunza ghala kwa sababu nilikuwa nikiigusa rafia najua daraja lake na mahali ilikovunwa. Lakini mtunza ghala alitakiwa pia kuandika kibandiko cha kila robota la rafia: daraja lake, na bandari ya kuteremshiwa. Karani aliniandikia kwenye karatasi, nami nikanakili kama mtu anayechora nyumba asiyopata kuingia. Kwa sababu sikuyaamini maandishi yangu, nilifunga pia mafundo ya mama kwenye kamba ya kila robota, upande mmoja ya daraja, upande wa pili ya bandari. Wapagazi, ambao nao hawakusoma, walifuata mafundo. Miaka mitatu robota halikupotea.

Siku moja meneja alishuka gatini kukagua tishari, lile jahazi la kupeleka mizigo melini, akakuta vibandiko vya marobota mawili vimebadilishana. Marobota yenyewe yalikuwa mahali pake sawasawa. Hilo halikumhusu. Aliniita mbele ya wote, akaniwekea karatasi usoni. "Soma."

 Nikasema, "Bwana, herufi hazinitulii. Anayesoma ni mkono wangu. Niulize robota lolote nitakwambia."

Karani alitafsiri. Meneja alicheka, akaniambia uvivu sasa umepata jina. Halafu akauliza mafundo yale ni ya nini, na alipoelezwa alisema ghala lake si la waganga. Akaamuru yakatwe yote, na akaamuru niyakate mimi. Siku mbili nilikata kazi ya miaka mitatu kwa kisu changu mwenyewe, yeye ameketi kivulini ananihesabia.

Meli ilipokuja, wapagazi walisimama kama watu walionyang'anywa macho. Vibandiko vilikuwa vya mkono wangu, na sasa hakuna aliyeviamini, hata meneja. Alizunguka na miwani yake robota kwa robota, akivuta uzi hapa, akinusa pale. Hakujua lolote. Alikuwa akiiuza rafia miaka yote ile na hakuwahi kuishika. Saa zilikwenda, akaniita.

Nilimwambia nitafanya, lakini nataka aandike katika kitabu changu cha kazi kwamba kazi naijua.  Wakati ule mtu bila kitabu cha kazi chenye neno zuri hakupata mwajiri, na asiye na mwajiri alichukuliwa kwa nguvu kuvunja mawe ya barabara ya Belobaka. Meneja alitikisa kichwa kukubali. Nikachambua marobota yote mpaka Alasiri, nimefumba macho, kidogo kwa ajili ya kazi na zaidi kwa ukorofi. Sikukosea hata moja.

Akaandika, akagonga muhuri. Nilimpelekea karani nikamwomba anisomee. Alikitazama kitabu kitambo, akasema, "Mtunza ghala hodari. Anaijua rafia kuliko yeyote." Nilikipokea kwa mikono miwili. Siku ile nilinunua nyama.

Mwezi uliofuata meneja aliniachisha kazi, akamweka aliyesoma shule. Niliudhika, lakini sikuogopa. Nilikuwa na kitabu. Nilikipeleka kwenye maghala ya ngozi, kwenye kinu cha mpunga, kwa mwenye mashamba Belobaka. Kila mahali nilikitoa kwa mikono miwili na kifua mbele. Walisoma, wakanitazama, wakanirudishia, wakasema kuna kazi ya kubeba. Nikabeba. Niliamini kwamba Wafaransa wote ni wamoja na kwamba hodari mweusi hapewi ghala. Nilibeba miaka kumi na mmoja.

Binti yangu alipoanza kusoma Kifaransa vizuri, nilimpa kitabu kile ajionee baba yake ni nani. Alisoma, akasoma tena. Akaniuliza, "Baba, hapa anasemwa nani?"

Nilimwambia asome tu. Akatafsiri taratibu, akinichungulia usoni: "Mtiifu akisimamiwa. Akili yake ni pungufu. Asipewe kazi ya dhamana."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kwenye mfuko wa shati, na nilikuwa nikikitoa mwenyewe, kwa adabu, kuwaonyesha watu. Kila mlango niliobisha nilijitangaza punguani nikitabasamu. Niliwakumbuka wote walionitazama. Nilitaka kumchimbua meneja kule alikorudi kwao Ufaransa nimvunje ile miwani. Nilimfokea hata mtoto, ambaye hakuwa na kosa, na hilo ndilo pekee ninalolijutia.

Meneja hakuwa wa kufikika. Karani alikuwapo. Alikuwa amezeeka, na kila Ijumaa tulisali msikiti mmoja, mara nyingi bega kwa bega. Ijumaa ile nilimsubiri mlangoni, nikamwonyesha ukurasa.

"Kaka, uliisoma hii?"

Hakujidai amesahau. "Niliisoma, mdogo wangu. Ningekwambia, ungemrukia, wangekufunga." Akatazama chini. "Halafu ulikuwa umefurahi sana."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, si kwa huruma, na huruma yake ilinichoma kuliko tusi la yule mwingine. Meneja alinidharau kwa wino. Huyu, ndugu katika dini, alinitazama nikienda na kitabu kile mwaka hadi mwaka, akanijulia hali kila Ijumaa, akaniuliza kazi inakwendaje.

"Ningefungwa, ningetoka," nilimwambia. "Hasira ile ilikuwa haki yangu siku ile ile. Umeninyima miaka kumi na mmoja."

Alininyoshea mkono. Sikuupokea.