Kifuniko cha Lenzi

Kila baada ya kilomita chache mpiga picha alimwomba Eduvina asimamishe gari, akidai anatafuta mandhari nzuri, lakini akishuka aliutazama mchanga, wala si milima. Alichuchumaa, akachota udongo kwa vidole vyake vilivyopasuka, akaulamba kwa ncha ya ulimi, akaandika neno moja kwenye kidaftari. Kisha aliinua kamera na kubonyeza, kifuniko cha lenzi kikiwa bado mahali pake.

"Mama, mifugo yenu, hawa lama, hunywa wapi maji?" aliuliza kwa upole, kama daktari anayeuliza panapouma.

"Hunywa umande, mwanangu. Wewe si unalamba ardhi? Na wao hulamba hewa." Eduvina alicheka peke yake. Huko kwenye jangwa la Atacama wenyeji walikwisha kujifunza kwamba kampuni za madini hutanguliza mtu mpole wa kutafuta maji, na nyuma yake huja mabomba ya kuyanyonya. "Chemchemi ya huko juu ilikauka enzi za bibi yangu. Twende ziwani kwenye ndege heroe, kila mtu hupiga picha kule."

Alikuwa ameshageuza gari pale lama mmoja, mwenye nyuzi nyekundu za sufu masikioni, alipoteremka kutoka huko juu, midomo ikichuruzika maji. Mpiga picha akashusha kioo, na kwa mara ya kwanza siku ile, akatoa kifuniko.