Kipara cha Fausta

Fausta wa Michenga hakumaliza kazi hata moja: aliacha wali jikoni akafukuza kuku, akamwacha kuku akaenda kisimani. Mwaka 1994 mumewe Lukelo, akikaribia kumrudisha kwao, alimpeleka kwa mganga akanyolewe uchawi. Alirudi na kipara, wali ukaungua vilevile.

Daktari wa Ifakara aliwaambia hana uchawi wala uvivu. Kazaliwa na akili isiyotulia, aelekezwe jambo mojamoja, apewe kazi ya kukimbiakimbia.

"Basi mwanangu, yeye akaamie ndege shambani, awafukuze wasile mpunga, wewe upike," nikamwambia Lukelo, mimi mzee jirani yao.

"Mzee, mimi mwanamume nipike?"

"Haya, endelea kula mkaa."

Msimu ule ndege hawakugusa mpunga wao. Vijana wa siku hizi wanatundika makopo yatishe ndege, wanalala. Fausta bado yuko kwa Lukelo, na wali sasa anauunguza Lukelo.