Kitufe cha Uwepo

Sanduku la zamani la Sadock lilikuwa linagandisha maziwa. Usicheke. Akilipiga asubuhi pale kanisani, maziwa ya nyumba ya tatu yalikuwa mtindi kabla ya sala ya mwisho, na mwenye ng'ombe hakuwahi kulalamika maana mtindi nao una wanunuzi wake. Alilitengeneza mwenyewe kwa mbao za paini na spika aliyoing'oa kwenye basi bovu, na kwa miaka kumi na tisa gitaa lake la besi lilisemea humo, katika kwaya ya usharika wao hapo Njombe. Sauti yake haikuingilia masikioni. Ilipandia kwenye nyayo, ikapita magotini, ikaenda kukaa tumboni kama ugali wa moto.

Sadock ni fundi seremala, mtu mrefu wa maneno machache. Ukimsalimia "Kamwene", ataitika kamwene, basi, akarudi kwenye randa yake. Maneno yote ya nyumba ile alipewa mkewe, Emilia, ambaye watu humwita Mama Jeni kwa jina la binti yao. Emilia ameimba sauti ya pili tangu hajaolewa. Siku moja, wakiwa bado vijana, Sadock alikosea wimbo mzima kwa kumwangalia yeye, na mwalimu wa kwaya wa wakati ule akasema kwa hasira, "Mwoe basi, tupate kuimba!" Akamwoa.

Miaka kama sita iliyopita masikio ya Emilia yalianza kuondoka. Hayakuaga. Sadock aligundua siku alipomwita mara tatu yuko chumba cha pili, akainuka amfuate, na kisigino chake kikagonga sakafu ya mbao. Hapo ndipo Emilia alipogeuka.

"Abee?"

Tangu siku hiyo Sadock alipiga kwanza kisigino mara mbili, ndipo akaita.

"Siku hizi unatembea kama fahali," Emilia alimwambia.

"Viatu hivi," alijibu, na siku hiyo alikuwa amevaa ndala.

Yakaishia hapo. Emilia hakusema kwamba hasikii, Sadock hakusema kwamba anajua. Wakaishi hivyo, kila mmoja akimficha mwenzake siri ileile.

Kanisani mambo yalikwenda, kwa sababu jukwaa la kwaya ni la mbao, alilipigilia Sadock kwa mkono wake. Sanduku lilikaa juu ya jukwaa, Emilia akasimama hatua moja kando yake. Kila sauti ya pili ilipokaribia kuingia, Sadock aliugonga uzi mnene mara mbili: du, du. Watu walidhani ni urembo wa wimbo. Zilikuwa hodi. Emilia akizipata kwenye nyayo aliingia mahali pake, sawasawa, kama mtu anayeingia kwa mama yake.

Kisha ikaja radi ya Februari. Radi za Njombe zina macho: hii ilipita juu ya paa, ikaacha kinanda, ikaacha taa, ikala sanduku la Sadock peke yake. Jumapili iliyofuata kwaya iliimba bila besi, na katikati ya kimya, pale wote waliposhusha pumzi, Emilia aliingia peke yake kwa nguvu zote. Sauti nzuri, lakini ilikuwa kama mgeni aliyefika harusini siku moja kabla. Wengine waliziba midomo kwa vitabu vya nyimbo.

Mwenyekiti wa kwaya ni Ezekieli, mwalimu mstaafu, mtu mwema mwenye miwani ya kamba. Alimvuta Sadock pembeni nje ya kanisa.

"Baba Jeni, mama amefanya kazi. Tumeonelea Jumapili ya mavuno tumpe kitenge, tumwombee, apumzike. Akae na kina mama wengine kwenye mabenchi."

"Amesema amechoka?"

"Umesikia mwenyewe leo."

Sadock alikuwa amesikia. Alitazama kofia yake mkononi. "Mwalimu, besi haikuwepo. Usharika unanunua amplifaya mpya. Subiri hiyo."

Ezekieli alimpenda Sadock. "Haya. Kipimo ni hiyohiyo Jumapili ya mavuno. Akiingia vibaya tena mbele ya watu wote, kitenge kinatoka kabatini."

Siku nne kabla ya sikukuu wakaenda Makambako na pikapu ya Ezekieli. Upepo wa Makambako mnaujua. Siku hiyo ulikuwa umemgeuza kuku mmoja manyoya, ndani yakawa nje, naye akaendelea kudonoa kama hajui. Duka la vyombo vya muziki ni la kijana mmoja, Remmy, karibu na barabara kuu. Remmy aliiweka amplifaya, yenye spika yake humohumo ndani, juu ya kasha la mbao, akasimamisha vitufe vyote vya kuzungusha katikati, akampa Sadock gitaa. Sadock alipiga uzi mnene mara mbili. Kasha likatetemeka, miguu ikapata habari.

"Hii," alisema Sadock.

Ezekieli hakununua kitu bila kukisoma. Alivaa miwani, akainama juu ya vile vitufe. Maandishi yote ni Kiingereza. Cha kwanza, besi. Cha pili, sauti ya kati. Cha tatu, sauti nyembamba. Alipofika cha mwisho akanyanyuka polepole.

"Baba Jeni. Hapa pameandikwa *presence*."

"Ndiyo nini?"

"Uwepo."

Wakatazamana. Katika usharika wao hakuna sala inayofunguliwa bila kuomba uwepo wa Mungu ushuke.

"Remmy, mwanangu," Ezekieli aliita, "hiki cha mwisho kinafanya nini?"

Remmy alikuwa na simu sikioni na mteja mwingine mbele yake. "Hicho kinaongeza, mzee! Ukikifungua chote unafika mpaka kwa wa nyuma kabisa!"

Ezekieli akavua kofia.

Jumamosi kwenye mazoezi, amplifaya ilikuwa juu ya meza, kando kabisa ya jukwaa, imetandikiwa kitambaa alichofuma mke wa mwenyekiti, maua ya plastiki kushoto na kulia. Kitufe cha Uwepo kilikuwa kimezungushwa hadi kumi, kikagoma kwenda mbele. Sadock alipopiga, zilitoka sauti za masufuria yanayogombana. Kuku wa mchungaji waliacha kutaga mpaka Jumanne. Alijaribu kuongeza besi: masufuria yakawa makubwa zaidi. Akapunguza sauti nyembamba: yakahamia chumba cha pili lakini yakaendelea kugombana. Mkono wake ukaenda kwenye kitufe cha mwisho.

"Acha hapo hapo!" Ezekieli alisema. "Unapunguza nini?"

"Mwalimu, hiki ndicho kinachokwaruza."

"Unapunguza Uwepo? Kanisani? Kesho ni mavuno, na mvua zenyewe umeziona zilivyokuja kwa kusuasua!"

"Amina," alisema mama mmoja wa sauti ya kwanza, na wengine wakaitikia. Sadock akarudisha mkono mfukoni.

Waliimba. Sadock alipiga hodi zake mbili, nazo zikapita hewani, ta, ta, kama mtu anayegonga bati. Mbao za jukwaa hazikusikia kitu. Emilia akachelewa. Mara ya pili alikaza macho kwenye vidole vya mumewe, akawahi. Mara ya tatu Sadock alimtazama, akaona amefungua mdomo vizuri, kifua kimejaa, na hakuna kinachotoka. Alikuwa anaigiza. Mwanamke ambaye sauti yake ilisimamisha harusi mbili na misiba isiyohesabika alikuwa anachezesha midomo kama samaki.

Jioni ile alimkuta anamenya viazi. Akapiga kisigino mara mbili. Emilia hakugeuka.

"Nimesikia," alisema. "Kaa."

Akakaa.

"Baba Jeni, hilo dude jipya halibishi hodi."

Sadock akakiokota kiazi, akakigeuzageuza. "Ulijua?"

"Miaka sita unapiga uzi mara mbili kabla sijafungua mdomo. Nimeziba masikio, sijaziba akili." Alimtupia ganda. "Na vile visigino. Ulifikiri naamini ni viatu? Umewahi kusikia ndala inalia kama jembe?"

Sadock alicheka.

"Sasa sikiliza," Emilia akasema, na safari hii alisema taratibu. "Kesho usigombane na Mwalimu. Nitaimba wimbo wa kwanza, nikikosea nitashuka mwenyewe. Nisishushwe na kitenge."

"Na mimi nitambishia nani hodi?"

Emilia akachukua kiazi kingine. Labda hakusikia. Labda alisikia.

Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya chai, Sadock alikuwa mlangoni mwa kanisa kabla ya mwenye ufunguo. Ezekieli alipofungua waliingia pamoja. Matoleo ya mavuno yalikuwa yameshaanza kufika tangu jana: viazi, mahindi, parachichi, ulezi, na boga moja kutoka Ipelele ambalo lilibebwa na watu wanne, na mmoja wao bado anaumwa mgongo.

"Hili boga litakaa wapi?" Ezekieli aliuliza.

"Meza ni moja tu," alisema Sadock.

Wakaitazama meza. Kitambaa, maua, amplifaya. Ezekieli akasita, lakini boga la Mungu ni boga la Mungu. Amplifaya ikateremka, Sadock akaibeba hadi juu ya jukwaa, akaiweka juu ya mbao zake mwenyewe. Kisha akachuchumaa mbele ya kitufe cha mwisho bila kukigusa.

"Mwalimu, nina swali. Mimi sikusoma sana."

"Uliza."

"Uwepo wa Mungu anaushusha nani?"

"Mungu mwenyewe."

"Na hapa tumeuweka ngapi?"

"Kumi."

"Nani aliyempimia kumi?"

Ezekieli alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akasoma tena sifuri hadi kumi kama mtu aliyekuta kosa kwenye daftari lake mwenyewe.

"Kumi tu," alisema kwa sauti ya chini. "Tumempimia kumi tu!"

"Na Jumapili nyingine mtu akija akasema leo nane yatosha?"

"Rudisha sifuri! Haraka, kabla mchungaji hajaja. Ashuke mwenyewe kwa kiasi anachotaka."

Sadock akarudisha sifuri. Masufuria yakanyamaza. Kisha akafanya jambo ambalo Ezekieli hakulielewa. Alivua viatu, akavua soksi, na baridi ile, akasimama pale pale anaposimama Emilia, nyayo juu ya mbao. Waya wa gitaa ulikuwa mrefu, ukafika. Akapiga: du, du. Akaenda kwenye vitufe, akakielekeza cha besi saa nane, kama mshale wa saa, akarudi kusimama. Du, du. Bado ilikuwa inaishia kwenye vidole. Akapunguza sauti nyembamba, akasogeza cha kati unywele mmoja. Du, du. Akarudi tena, akaelekeza besi saa tisa.

"Baba Jeni, wewe ni Musa?" Ezekieli aliuliza. "Umeona kichaka kinawaka?"

"Njoo usimame hapa, Mwalimu. Vua."

Ezekieli alivua kiatu kimoja. Sadock akapiga. Mzee akatazama mguu wake, kisha akatazama pale mahali, hatua moja kando ya amplifaya, na uso ukambadilika.

"Hapa ni kwa Mama Jeni," alisema.

"Ndiyo."

"Muda wote ule?"

"Miaka sita."

Ezekieli alikaa kwenye ngazi ya jukwaa, akavaa kiatu chake polepole sana kwa mtu ambaye alikuwa na kazi nyingi. "Piga tena," alisema. "Mimi naona iongezeke kidogo. Mbao za kulia bado zimelala."

Ibada ilijaa hadi nje. Emilia alipanda jukwaani amevaa viatu vyake vya sikukuu, akaona mumewe peku, akamkazia macho. Sadock alimwonyesha chini kwa kidevu. Emilia akavivua, akavisukuma nyuma kwa kisigino. Wimbo ulianza, sauti ya kwanza ikaenda mbele, wote wakashusha pumzi, kikaja kile kimya.

Du, du.

Emilia aliingia. Aliingia pale pale, na wanasema boga la Ipelele lilipasuka kwa furaha, ingawa wengine wanasema lilikuwa limeiva tu.

Baada ya ibada Ezekieli alikutwa amesimama na kitenge mkononi, kipya, hajui akipeleke wapi.

"Cha nini hicho, Mwalimu?" Emilia aliuliza.

"Hiki? Hiki ni... ni cha kufunikia amplifaya. Vumbi."

"Kitenge kizuri hivi?" Emilia akakichukua, akajifunga kiunoni palepale. "Itafunikwa na gunia."

Siku hizi sauti ya pili yote huimba peku, na wageni kutoka Makete walirudi kwao wakisema usharika ule umepata mafundisho mapya. Sadock hakuwasahihisha. Yuko karakanani kwake na randa yake, na Emilia akimtaka hapigi kelele. Hufika mlangoni, akapiga kisigino mara mbili kwenye ubao.

"Karibu," Sadock husema, bila kuinua kichwa, kwa sauti ambayo mkewe haisikii, na yeye huingia.