Kikohozi cha Binti Yangu na Jiko la Mama Mkwe

Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne kikohozi kilipomshika. Kilianza kama mafua ya kawaida, wakati tunapiga alizeti uwanjani na vumbi limetanda kila mahali, nao upepo wa Singida wa miezi ile ya baridi haumwonei mtu huruma. Nikasema yatapita. Mafua yakapungua kidogo, lakini kikohozi kikashuka kifuani na kukaa. Akipumua ungedhani kuna maji yanatokota ndani yake. Pua imeziba, hawezi kunyonya vizuri. Anashika titi, analiachia atafute hewa, analia, analishika tena. Wiki ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha, ya tatu ikaanza.

Tulikuwa tunaishi kwa mama mkwe, kijiji kimoja mbele ya Ilongero. Mume wangu alikuwa Singida mjini kwenye mashine ya kukamua alizeti, na msimu ukikolea hakuja nyumbani ila mara moja moja. Kwa hiyo pale nyumbani tulikuwa watatu tu: mimi, mtoto, na bibi yake. Bibi mwenyewe alikuwa mtu wa kikohozi. Nilipoolewa nilimkuta anakohoa, na tulishakizoea kikohozi chake hata hatukukisikia tena.

Siku moja mchana alimpakata mtoto, akamfungua mdomo kwa mpini wa kijiko, akachungulia. Akaniambia kimeo kimerefuka, ndicho kinachomkera koo. Kuna bibi wa kijiji cha jirani anayekata vimeo, alishazungumza naye, angekuja Jumamosi.

Niliwahi kuona kimeo kikikatwa. Nilikuwa msichana mdogo kwetu Iramba, na aliyekatwa ni mdogo wangu wa kiume. Alipona, siwezi kusema uongo. Lakini nilipewa beseni nilishike, na damu ilivyokuwa ikidondoka mle hadi jua linazama, sijaisahau mpaka leo.

"Mama," nilimwambia, "naomba mtoto asikatwe."

"Baba yake alikatwa. Shangazi zake wote walikatwa. Hawapo?"

"Wapo, mama. Lakini huyu hatakatwa."

Sikuwahi kumjibu hivyo tangu niingie nyumba ile. Alinitazama, kisha akageukia Kinyaturu, kama alivyofanya kila alipoumia, akasema maneno ambayo mimi Mnyiramba niliyashika nusu tu. Nusu hiyo ilitosha.

Jumamosi asubuhi, kabla mgeni wake hajafika, nilimfunga mtoto mgongoni, nikamuaga mama mkwe bila kuitikiwa, nikapanda bodaboda hadi kituo cha afya.

Nesi aliyenipokea alikuwa mama wa makamo, asiye na maneno mengi. Alimpandisha mtoto nguo, akaniambia nimtulize, kisha akakaa akikitazama kifua na saa yake, dakika nzima. Mwisho akasema hapumui haraka na mbavu hazibonyei, kwa hiyo si nimonia. Nikamwomba dawa ya kikohozi ya chupa. Akakataa. Alisema kwa umri ule dawa zile hazimsaidii mtoto, na nyingine zinamdhuru. Nilivunjika moyo, nilikuwa nimetoka nyumbani kwa vita, halafu nirudi mikono mitupu.

Akauliza, "Nyumbani nani mwingine anakohoa?"

Nikamwambia bibi yake, miaka mingi sasa, na kwamba mtoto hupenda kulala naye.

"Mlete huyo bibi apimwe makohozi, tujue kama ni kifua kikuu. Jibu lake ndilo litatuambia la kufanya kwa mtoto." Akaandika kidogo, kisha akaniuliza, "Na wewe ukipika, mtoto anakuwa wapi?"

"Mgongoni."

Akaacha kuandika. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama jiko lina dirisha, nikasema halina. Jiko letu lilikuwa la udongo na miti, la tembe, lina mlango mmoja mfupi, na ukikoka kuni humo hata mtu mzima anatokwa machozi. Na kadiri mtoto alivyokohoa ndivyo nilivyozidi kuingia naye, nikidhani joto la moto linamlainisha kifua. Nililia palepale mbele ya yule nesi. Aliniacha nilie, nilipomaliza akanifundisha: maji yaliyochemshwa na kupoa, chumvi kidogo sana, matone puani kabla ya kunyonyesha, asali kijiko kidogo, kwa kuwa ameshapita mwaka, maziwa na uji mara nyingi, kidogo kidogo. Akipumua haraka, mbavu zikibonyea, au akikataa kunyonya, nirudi siku hiyohiyo.

Niliporudi, mkata vimeo alikuwa ameshaondoka. Maji ya chumvi hayakuwa kazi ngumu, ingawa binti yangu aliyapigania kama anayechinjwa. Asali kutoka Mitundu tulikuwa nayo. Kazi ilikuwa bibi. Nilimweleza mambo ya kupimwa, akasema yeye si mgonjwa wa kifua kikuu, na mkwe anayempeleka mama mkwe kupimwa ugonjwa huo anataka watu waseme nini? Nilimpigia mume wangu, naye akazungumza na mama yake, hakuambulia kitu. Siku ya tatu nikamfuata anapopepeta uwele, nikachuchumaa.

"Mama, mimi sitafuti aibu yako. Mjukuu wako analala kifuani kwako. Ukiwa huna kitu, aendelee kulala hapo na mimi nitulie."

Aliendelea kupepeta. Kesho yake asubuhi nilimkuta ameketi kwenye jiwe kando ya barabara, amejifunga khanga zake za kanisani, anangoja bodaboda.

Majibu yalipotoka, hakuwa na kifua kikuu. Nesi alimwambia mapafu yake yamechoka na moshi, miaka arobaini ya moshi. Tulipofika nyumbani alimchukua mtoto akamlaza kifuani, akafumba macho.

Nilidhani sasa jiko litakuwa jambo jepesi. Nilimwomba tutoboe dirisha, akakataa. Jiko lile alilikandika kwa mikono yake akiwa na mimba ya mume wangu, na lilisimama mvua zote hizo. Nikahamishia mafiga nje. Upepo ukatawanya moto, majivu yakaingia kwenye ugali, maharage yakagoma kuiva. Nilipika hivyo siku sita, mtoto nimemkalisha kwenye mkeka mbali upande unakotoka upepo, macho yangu yako kwake na mkono wangu kwenye mwiko. Siku ya saba ilikuwa Jumapili. Mama mkwe alienda kanisani na mjukuu wake. Mimi nikabaki, nikachukua sururu, nikatoboa kuta juu karibu na paa, matundu mawili yanayotazamana.

Aliporudi alisimama mlangoni akayatazama. Mimi nilikuwa nimejaa udongo hadi kwenye kope, nimeshajiandaa kwa lolote. Aliingia ndani ya nyumba. Siku mbili hakunisemesha ila salamu; namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba, basi. Siku ya tatu nilimkuta amepanda kwenye kinu alichokipindua, ana udongo mbichi kwenye bakuli, anazisiriba kingo za matundu yangu.

"Kwenu hawakukufundisha kujenga," alisema. "Mvua ya kwanza tu, ukuta huu ungebomoka wote."

Nikamshikia bakuli. Moshi siku hiyo ulipanda, ukatafuta njia, ukatoka. Hata hivyo sikumrudisha mtoto jikoni; nilipopika, bibi alikaa naye nje.

Kikohozi hakikukatika ghafla. Kilipungua kama maji ya bwawa yanavyopungua kiangazi, leo huoni, kesho huoni. Wiki mbili zaidi zilipita kabla hajalala hadi asubuhi bila kukohoa, na siwezi kusema ni siku gani hasa. Ninachokumbuka ni asubuhi moja anamkimbiza kuku uwanjani, anacheka sana hadi anakaa chini, nami nimesimama na ndoo mkononi, nikingoja kicheko kile kiishie kwenye kikohozi kama siku zote. Aliinuka, akaendelea kumkimbiza kuku wake.